Ndege Aliyeturudisha Nyumbani

Asubuhi ya tatu baada ya kumzika dada Hadija nilikuwa jikoni kwake namenya viazi pamoja na wanawake wa kitongoji, nikamsikia. Filimbi mbili za chini, kimya kidogo, halafu ya tatu inayoshuka, kama mtu aliyeanza kusema jambo akaghairi. Sauti ilitoka ukingoni mwa msitu, nyuma ya migomba. Mimi ndiye ninayewapeleka wageni kumwona ndege huyo. Nimeshawaonyesha watu wa nchi ambazo hata kuzitamka siwezi, na nimezeeka nikijua anakula nini, anatagia wapi na anaogopa nini. Lakini pale jikoni visu vyote vilisimama. Mama mmoja aliyekuwa anaingia na mzigo wa kuni akautua mlangoni, akageuka, akaenda zake bila kuaga, na hakuna aliyemshangaa, maana kila mtu anajua mkwe wake ni mjamzito. Nami, mtaalamu mzima, nilijikuta nimeshika kiazi kwa mikono miwili. Mwanaidi, mtoto pekee wa marehemu, ambaye sote tunamwita Mwana, ndiye aliyeendelea kumimina chai. Akauliza nani anataka tangawizi zaidi.

Kwetu huku ndege huyo hatukumpa jina. Tulimwita yule wa chini, kwa sababu sauti yake hutokea karibu na ardhi, na hakuna aliyewahi kusema amemwona. Ukimsikia, na nyumbani kwenu kuna mwanamke mwenye mimba, unatua ulichobeba, unageuka, unarudi. Njia hiyo huikanyagi tena mpaka kesho yake. Ukipita, mtoto hafiki. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hayo. Nilikuwa mdogo, naenda kuokota kuni na kina mama, nikaona mara wote wanainama pamoja, wanatua mizigo, wanageuka bila neno, nami nikageuka. Mambo ya namna hiyo yakishakuingia kwenye miguu huwezi kuyatoa kwa kitabu, na ninasema hivyo nikiwa nimesoma vitabu vya kutosha.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya. Niliishi hapa hapa kwa dada, juu ya Lushoto, nyumba hii hii, ila chumba cha mbele kilikuwa cha mpangaji, Mwalimu Kihiyo, mwalimu wa baiolojia kutoka Tanga aliyepewa ruhusa ya mwaka mzima kumtafuta ndege mmoja. Ndege mwenyewe, alivyotueleza, ni wa ukoo wa wale wanaokamata nzi, mdogo, wa kahawia, ukimpita unadhani ni jani limeanguka. Alikuwa ameonekana zamani kwenye kilele kingine, ng'ambo ya bonde, na hakuna aliyejua kama bado yupo. Mwalimu alikuwa na picha ya mmoja aliyekaushwa, ameibandika ukutani juu ya kitanda. Sauti yake hakuijua, hakuna aliyekuwa ameirekodi. Alituajiri mimi na Hoza, jirani yetu, mwanaume wa makamo mwenye maneno mengi, kazi yake kufyeka njia na kubeba mizigo. Jioni tukila, Mwalimu aliifunika ile picha kwa kanga ya dada na kuanza kutuhoji. Kidevu? Cheupe kilichofifia. Miguu? Mirefu, rangi ya waridi iliyopauka. Mbele ya jicho? Alama ndogo ya rangi ya chungwa, huioni mpaka ageuze kichwa. Dada Hadija akiwa anatupakulia maharage alishazikariri zote kabla yetu, akatucheka tulipokosea. Sheria ya Mwalimu ilikuwa moja tu: usimwambie jina la ndege, mwambie ulichoona. Jina atalitafuta mwenyewe.

Dada alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika zikiwa kubwa, ya pili ikiwa imebakiza kidogo sana. Hatukuyazungumza hayo mbele yake, ila usiku kupitia ukuta wa mbao nilimsikia shemeji Mbaruku, mumewe, akimwuliza kwa Kishambaa kama mtoto amecheza leo, na dada akijibu amecheza, kisha kimya kirefu, kisha shemeji anauliza tena. Nyumba nzima tulitembea kwa kunyata. Nilikuwa nikisikia dada anakohoa tu, moyo unanipiga pa. Hata sasa sauti ya mtu kuburuta kigoda jikoni alfajiri inanirudisha kwenye hofu ile. Nilikuwa naamka naikuta tayari imeamka.

Sasa uone vituko vyetu. Tulianza kazi mwishoni mwa masika, na mara nyingi Mwalimu alitugawa, yeye mlima huu, sisi ule. Tukawa tunamsikia yule wa chini karibu kila wiki. Na kila tulipomsikia, mimi na Hoza tuliangaliana, Hoza anatua panga, tunageuka. Mwalimu anatukuta nyumbani saa ya chai. Hoza akasema mvua ilikuwa inakuja. Siku nyingine tumbo limemsokota. Siku nyingine kuna nyoka. Kumweleza Mwalimu ukweli hatukuweza, maana jambo hili haliongelewi nyumba yenye mimba, tena kwa mwanaume mgeni ambaye si wa ukoo, na kulitaja ni kama kuliita. Mara moja tulikuwa naye yule wa chini alipolia, akainua kidole akauliza huyo nani. Hoza hakupepesa macho, akajibu, "Kurumbiza tu huyo, Mwalimu," na papo hapo akajishika kiuno, akalalamika maumivu mpaka tukamrudisha nyumbani tumemshikilia. Kumbe masikini ya Mungu, mtu wa watu alikuwa anatulipa tumtafutie ndege, nasi kila ndege akijitangaza tunamkimbia. Hatukujua. Sisi tulikuwa tunamtafuta mmoja na kumkimbia mwingine, haikutupitia akilini hata siku moja kwamba ni yule yule.

Kipupwe kikaingia, ukungu ukawa unashuka hadi kwenye paa. Nesi alimwambia dada asisubiri mlimani, ashuke mjini akae karibu na hospitali. Akahamia kwa shangazi yetu, chumba cha nyuma ya soko. Nyumba ikabaki na sisi watatu, mimi, shemeji na Mwalimu, ila kwa hesabu zetu ilikuwa bado nyumba yenye mimba. Mwalimu alikuwa ameanza kufunga vitabu vyake. Alisema msitu wetu hauna kitu, ataandika hivyo na kuondoka. Asubuhi moja Hoza alikwenda naye kwenye makorongo ya chini, mimi nikapanda peke yangu hadi kwenye mti mkubwa ulioanguka. Nilifika, nikasimama, ukungu umejaa mpaka naona miguu yangu na miti miwili tu. Akalia. Karibu mno. Nikageuka kama nilivyozoea, na nilipoweka mguu njiani nikaona njia inatembea. Siafu. Walikuwa wameifunika yote, weusi, wanang'aa, upana wa mkeka, wanapanda majani pande zote mbili, na panzi wanaruka mbele yao ovyo. Nilirukia ule mti ulioanguka nikachuchumaa juu yake, nimekusanya sketi mapajani. Nyuma yangu anaita yule wa chini, mbele yangu siafu. Nilisoma aya zote ninazozijua, nyingine nikazirudia. Nilimwambia Mungu, wallahi mimi nilitaka kurudi, njia ndiyo imefungwa.

Ndipo akatokea. Alikuja kwa kurukaruka chini, ndege mdogo wa kahawia, anafuata siafu kwa pembeni na kudaka wadudu wanaowakimbia. Nilimtazama kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Alitua kwenye mzizi, karibu kiasi kwamba darubini iliyokuwa shingoni haikuwa na kazi. Kidevu cheupe kilichofifia. Miguu mirefu ya waridi. Akageuza kichwa, ikaonekana ile alama ya chungwa mbele ya jicho. Nikasikia furaha inataka kunijia, nimempata, nimempata mimi Rukia. Halafu akafungua mdomo. Filimbi mbili, kimya, ya tatu ikashuka. Sauti ile yote ilitoka kwenye kifua kisichozidi yai la kuku. Nilikuwa nimeketi mbele ya yule wa chini, sijageuka, namtazama anavyolia, na dada yangu yuko mjini amebeba mtoto. Siafu walipopita nilishuka nikakimbia hadi nyumbani, nimeacha kitambaa changu kule kule.

Usiku sikuweza kumeza. Ugali ulikuwa mkononi, unaingia mdomoni na kugeuka donge. Mwalimu aliniuliza kama ninaumwa, na mimi badala ya kusema naumwa nikajikuta nimesema kidevu. Nikasema miguu. Nikasema mbele ya jicho. Akaweka tonge chini. Hakuruka, hakupiga kelele. Aliniuliza pole pole, akarudia maswali kwa kuyageuza, na mwisho akasema shahidi mmoja hatoshi. Lazima wa pili amwone mahali pale pale, kila mmoja aeleze peke yake bila kusikia mwenzake, ndipo litakuwa jambo. Akasema pia kwamba kama ndiye, ataniombea nafasi chuoni nisomee kazi hii, na barua yake itasikilizwa kwa sababu nitakuwa ndiye niliyemwona. Kesho tupande. Nikamwambia kesho siwezi, ninakwenda kwanza mjini kwa dada. Shemeji Mbaruku alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu, na alivyonitazama nikajua ameelewa nimekaa mbele ya nani. Alichukua taa akaenda kulala.

Chumba cha shangazi kilikuwa na dirisha moja linalotazama nyuma ya vibanda vya soko. Nilimkuta dada amekaa kitandani, miguu imevimba, anamenya peasi kwa kisu kidogo. Nilimwamkia, "Shikamoo dada," akaitikia, akanipa kipande, akaniuliza habari za kuku. Nje mama mmoja alikuwa anagombana na mwingine kuhusu mafungu ya karoti, na mimi nikasimulia huku nikisikiliza ugomvi ule ili nisisikie maneno yangu mwenyewe. Nilimweleza yote: siafu, mzizi, sauti. Nilimwambia Mwalimu anataka tupande tena, na kwamba safari hii hakutakuwa na siafu wa kunizuia. Itabidi nikae kwa kutaka. Nikasema, kabla hajajibu, kwamba sitakwenda. Nilitaka aseme: vizuri, usiende. Nilikuwa nimeshuka mlima mzima kuyafuata maneno hayo.

Dada alimaliza kumenya. Akaliweka lile peasi kwenye sahani, akafuta kisu kwenye kanga.

"Mimi nilimsikia mara zote mbili, Rukia," alisema. "Ile mimba ya kwanza nilikuwa na kuni kichwani. Nilitua, nikageuka, nikarudi nyumbani. Ile ya pili vile vile. Niligeuka kama walivyotufundisha. Na umeona nilichopata."

Nilikitazama kipande cha peasi mkononi mwangu.

"Kwa hiyo kugeuka hakuzuii kitu," alisema. "Nenda ukakae. Na ukisikia nimeshikwa na uchungu usije mbio, umalize kazi yako kwanza."

Alisema bila kutetemeka, akaanza kuniuliza tena juu ya kuku. Nilipanda mlima siku ile nimetua mzigo niliokuwa nao tangu utotoni, au nilidhani nimeutua. Hofu haikuondoka, ila ilikuwa na mahali pa kushika. Nilijiambia, dada aligeuka mara mbili na haikumsaidia. Kila nilipokanyaga jiwe nililirudia hilo. Hadija aligeuka. Hadija aligeuka.

Kesho yake tulipanda watatu. Hoza nilimweleza njiani, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Tulipofika kwenye mti ulioanguka akasema yeye atabaki nyuma kidogo alinde mizigo, ingawa mizigo yenyewe ilikuwa mfuko wa mihogo ya kuchemsha. Mwisho akaja akakaa, kijasho chembamba kinamtoka kwenye baridi ile. Tulisubiri mpaka makalio yakafa ganzi. Ndege alipolia, niliona mwili wa Hoza unageuka wenyewe, mabega kwanza. Nikamshika shati. Mkono mwingine niliubana kwenye mzizi. Mwalimu akamnong'oneza Hoza, "Si ulisema kurumbiza?" Ndege akalia tena, karibu zaidi. Sikufikiria chuo wala ndege. Nilimwona dada kitandani na miguu yake, nikawa nahesabu pumzi zangu kama ndizo zake. Kisha kitu kidogo cha kahawia kikaruka kutoka kwenye majani makavu, kikasimama palipo na mwanga, kikatugeuzia kichwa.

Mwalimu alitutenga, kila mmoja nyuma ya mti wake, akaja kusikiliza maelezo kwa sikio. Mimi nikasema yangu. Hoza akasema yake, na baadaye alijigamba maisha yake yote kwamba alama ya jicho aliiona kabla yangu. Mwalimu alirudi akakaa juu ya mti ule, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ndiye," alisema. Nilimwomba ruhusa niondoke. Nilishuka mlima ule sijui vipi, nilianguka, nikachubuka magoti, nikapita sokoni nimejaa matope watu wananishangaa. Chumba cha shangazi kilikuwa wazi na kitanda hakina mtu. Peasi lilikuwa kwenye sahani limeng'atwa mara moja.

Shangazi nilimkuta kwenye baraza la wodi ya wazazi amekaa na chupa ya chai, hakuniinulia uso. Alisema ameshikwa tangu alfajiri. Shemeji Mbaruku alikuwa amesimama ukutani. Ndani manesi walikuwa wanazungumza, nikategea sikio: mmoja aliuliza mapigo, mwingine akasema neno ambalo sikulishika, mmoja akapita mbio na beseni. Niliangalia saruji ya baraza lile mpaka nikaujua kila ufa. Niliahidi kwamba chuo sikitaki tena. Niliahidi vitu vingi. Kisha kikasikika kilio, chembamba, chenye hasira, kikaendelea na kuendelea. Shangazi akamwaga chai. Nikakaa chini pale pale na magoti yangu yenye damu, nikalia kwa sauti mpaka nesi akatoka kuuliza kama kuna msiba.

Ndiyo Mwana huyo. Nami chuo nilikwenda, barua ya Mwalimu ilifanya kazi yake, na maisha yangu yote nimekula kwa ndege yule. Vijana ninaowafundisha kuongoza wageni wengi ni wa milima hii hii, na siku ya kwanza miguu yao nayo hugeuka. Huwaambia habari ya dada yangu. Nawaambia, yupo mwanamke aliyegeuka mara mbili na watoto wakafa, na mara ya tatu mdogo wake akakaa na mtoto akazaliwa. Nimeisimulia hiyo mara nyingi kiasi kwamba hofu yenyewe imebaki kama kovu, unaligusa tu ukitaka kuonyesha watu.

Siku ile ya tatu ya msiba, wanawake walipotawanyika, niliingia chumba cha mbele alikoketi shemeji Mbaruku. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Aliniuliza kama ni kweli jikoni wamesimamisha visu. Nikacheka kidogo, nikamwambia ni kweli, na kwamba hata mimi niliogopa, ingawa marehemu alinitoa hofu hiyo tangu ujana. Nikamkumbusha maneno yake ya kule nyuma ya soko.

"Alikwambia aligeuka?" aliuliza.

"Mara zote mbili."

Akapapasa fimbo yake.

"Hadija hakugeuka hata siku moja," alisema. "Ile mara ya kwanza nilikuwa naye. Nilimwambia tua kuni turudi, akasema mvua itazilowesha, akapita. Ya pili alikuwa peke yake, akapita vile vile, akaja kuniambia huku anacheka. Baada ya yule wa pili kufa hakucheka tena. Aliamini ni yeye. Ile mimba ya Mwana hakukanyaga msitu kabisa, hata kisimani aliogopa, hukuona nilikuwa nateka maji mimi?"

Niliona. Nilidhani ni mapenzi.

"Nilishuka mjini jioni ile ulipotoka kwake. Nikamuuliza, umemruhusu vipi? Akasema, 'Mimi nimeogopa vya kutosha. Rukia asije akaishi hivi.' Kisha akanishika mkono, hakuniachia mpaka uchungu ulipoanza. Alinikataza nisikwambie. Sasa amekwenda."

Nimepita kwenye msitu ule na ukungu wa kila namna, nimekutana na nyoka, nimepotea nikalala chini ya mti, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye kiti kile, mchana kweupe, juu ya jambo lililokwisha miaka mingi. Kila hatua niliyopanda siku ile nikisema Hadija aligeuka, naye kitandani amelala anajua hakugeuka, anajua niko wapi, anasubiri. Nilitaka kumwuliza shemeji kama dada alikuwa analia usiku ule, sikuweza.

Mwana akaingia kukusanya vikombe. Ana mwendo wa mama yake, anaingia na nyonga kwanza. Akatuona, akauliza mbona tunamtazama hivyo. Nje, nyuma ya migomba, yule wa chini akalia tena, mbili, kimya, ya tatu ikashuka. Nikamshika Mwana mkono, pamoja na vikombe vyake.

Akacheka. "Mama mdogo, si wewe ndiye unayewaonyesha wazungu huyo?"

Nikamwambia ndiye. Mkono sikuuachia.